Kengele ya Mzee Latifu

Alhamisi, 19 Juni

Nimerudi kutoka dukani na sabuni, unga wa uji, na hasira ambayo nimeshindwa kuipatia jina la kitaaluma.

Mzee Latifu ameweka kengele kaunta. Kengele ndogo ya shaba, ya aina inayogongwa mapokezi hotelini. Mwezi huu ukiisha kila mtu anatakiwa awe amelipa mituweli, bima yetu ya afya, na wapo wasioweza. Hivyo unapolipia sabuni yako, keshia Ikirezi anakuuliza kama utawachangia, kwa sauti inayofika hadi kwenye rafu ya mafuta. Ukikubali anagonga kengele, na foleni nzima inapiga makofi ya mkutanoni, kwa pamoja, kwa mdundo. Ukikataa, kimya. Kimya gani kile!

Akanigeukia. "Mwalimu, unachangia batu ba mituweli?" Nikamjibu kwamba suala hilo linahitaji tafakuri. Mtu nyuma yangu akasema, "Mwalimu anafikiria. Tumuletee kiti?" Wakacheka wote, hata yule aliyekuja kununua kiberiti tu.

Si kwamba siwapendi maskini. Nimekulia katika nyumba ambamo sadaka hutolewa kimyakimya, na ninachokikataa ni kuulizwa hadharani nikiwa nimekumbatia sabuni. Au ndivyo ninavyojiambia. Inawezekana pia kwamba sipendi kutoa, na nimeupamba uchoyo kwa falsafa. Nitalichunguza hilo nikiwa nimetulia.

Aliyenifuata kwenye foleni ni Micheline. Bila shaka! Tulisoma pamoja chuo kikuu kule Huye, yeye Kiingereza, mimi Kiswahili, na tangu wakati huo sijafika kwenye mlango wowote bila kumkuta ameshabisha hodi. Alichangia kabla hajaulizwa. Kengele. Makofi. Mzee Latifu mwenyewe akatoka stoo kuja kupiga makofi.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee Latifu ana chumba tupu juu ya duka, chenye ubao, madirisha mapana na mlango unaofungika. Nakitaka kwa darasa langu la jioni la Kiswahili sanifu. Kwa sasa nawafundisha wauguzi wachache na dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, kwenye baraza ya nyumbani, na jirani akianza kutwanga sombe, majani ya muhogo, tunaahirisha sarufi. Micheline anakitaka kwa Kiingereza chake. Mzee amesema ataamua baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya mwisho wa mwezi, na kwamba atampa "muntu mwenye roho ya batu".

Roho ya watu ninayo. Tatizo ni kwamba hailii ikigongwa.

Jumamosi, 21 Juni

Siwezi kuhamia duka jingine. Nisipoonekana, nitasahaulika, na chumba kitaenda. Lazima nionekane na nisiulizwe. Nimelitafakari jambo hili kwa utaratibu na kufikia suluhisho la heshima: simu sikioni. Hakuna mtu mstaarabu anayemkatiza mwenzake akiongea na simu.

Sikosei kuhusu ustaarabu. Ikirezi alingoja. Aliweka viganja juu ya kaunta akaningoja kama anayengoja mvua ipite, na foleni ikangoja naye, na mimi nikabaki nikiongea na simu iliyozimika. Mtu akiongea na simu iliyozimika kwa muda mrefu, mwishowe lazima aseme jambo. Nilianza kwa "ndiyo, ndiyo". Nikapita kwenye "hapana, kweli?" Kisha nikajisikia nikisema, "Mgonjwa? Mama mdogo Emerance? Gashonga huko? Mungu wangu!"

Nikaishusha simu. Ikirezi akauliza kwa upole kuna nini. Nikasema kwamba leo hisani yangu yote iko kwa mama yangu mdogo, ambaye yuko kitandani kule Gashonga.

Ushindi! Hakuna aliyecheka. "Pole sana, Mwalimu." "Nguvu, Mwalimu." Mzee Latifu akaweka mkono kifuani. Nilitoka mle nikiwa mtu mwema kuliko wote na sikuwa nimetoa hata sarafu.

Nakiri kwamba mama mdogo Emerance haumwi. Hupanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani huku akigombana na mtu aliye kilima cha pili. Lakini ni nani hasa niliyemdhuru? Nimejiuliza swali hili mara kadhaa na jibu linabaki: hakuna. Ninaliandika kwa wino, ingawa nilitaka kuanza na penseli.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepita Gihundwe asubuhi. Mwanafunzi wangu wa moto alisimama kunipa pole ya figo za mama mdogo. Figo! Mbele ya hospitali, mmoja wa wauguzi wangu akaniuliza ni kwa nini hatumleti. Kisha akanong'ona kwamba ameelewa: hana mituweli, masikini.

Sikusema hivyo. Sikukanusha pia. Kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi, na kwa siku mbili nimekuwa nikiishi ndani yake.

Dukani nikakuta ndoo ndogo kando ya kengele. Imeandikwa: MAMA MDOGO YA MWALIMU. Wanamchangia! Wavuvi na wakulima wa Nkanka, kule ziwani, waliokuja kuuza samaki na mihogo, ambao hawamjui, wanamchangia. Kengele inalia, makofi yanapigwa, na kila anayetoa ananitazama nimshukuru. Nimeshukuru mpaka shingo ikauma. Hasira niliyokuwa nayo juu ya kengele ilikuwa ya kanuni. Sasa ni ya mwili mzima.

Kisha zamu yangu ikafika. Ikirezi, mtoto wa watu asiye na hila hata chembe, akaniuliza kwa sauti ileile ya rafu ya mafuta: "Na wewe, Mwalimu, unachangia maman mudogo yako?"

Ningesema nini? Kwamba linahitaji tafakuri?

Nilitoa. Kengele ikalia. Nimeuchangia uongo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi. Micheline akatoa noti kubwa kuliko yangu, akanishika mkono akasema usilie, dada. Sikuwa nalia. Nilikuwa nasaga meno.

Jumatano, 25 Juni

Jioni, katikati ya somo, amekuja Munyemana, mkuu wa mtaa wetu. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, na kueleza kwamba viongozi wamekaa. Jumamosi, umuganda ukimalizika, ujumbe utaondoka kwenda Gashonga kumwona mgonjwa. Mzee Latifu anatoa gari lake la mizigo. Watabeba na ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo majirani hubebea wagonjwa, ili mama mdogo ashushwe kilimani hadi hospitalini kwa heshima zote. "Leo ni wewe, kesho ni mimi," alisema. "Hatuwezi kuacha Mwalimu peke yake."

Nilisema tusiwasumbue watu. Akasema si usumbufu. Nilisema mama mdogo ni mtu wa haya. Akasema watakaa kidogo tu. Nilisema huenda ugonjwa wenyewe unaambukiza. Akasema barakoa zipo.

Wanafunzi wangu wakapiga makofi. Dereva wa moto akaomba kuwa miongoni mwa wabebaji. Munyemana alipokuwa akiondoka akaongeza kwamba Micheline ameomba nafasi ya kumwombea mgonjwa, na kwamba Mzee Latifu ataitumia safari hiyo kupima mambo yake ya chumba.

Wema wa watu hawa unanikasirisha kuliko ubaya wowote niliowahi kutendewa. Mtu mbaya unaweza kumkwepa.

Alhamisi, 26 Juni

Gashonga, kwa moto, vumbi hadi masikioni. Nilimkuta mama mdogo Emerance akipasua kuni. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Nani alikuambia mimi niko mugonjwa?" ndiyo salamu niliyopewa. "Na nani alisema sina mituweli? Mimi! Nililipa mwezi wa kwanza, mbele ya bote! Kanisani banasema masikini Emerance. Masikini! Mimi!" Shoka halikuacha kufanya kazi wakati wote huo. Mumewe, Bizimana, mtu mpole ambaye hajawahi kubishana na yeyote, aliniletea kiti na kukiweka mbali na vipande vya kuni.

Nilimweleza hali kwa mpangilio: kengele, simu, chumba. Alisikiliza. Kisha akasema kwamba kumbe hayo yote ni kwa sababu nilikataa kutoa kidogo kama batu bengine. Nilimwambia kwamba huo ni ufupisho usiozingatia kanuni. Akaniuliza kanuni ni nini. Nilijaribu kuifafanua. Katikati ya ufafanuzi niligundua kwamba siikumbuki vizuri, nikabadilisha mada.

Hatimaye amekubali. Atalala Jumamosi, kwa mchana mmoja, kwa masharti yake. Kwanza, sitamtaja tena mdomoni mwangu kwa habari ya magonjwa. Pili, nimletee kitenge kipya, kwa sababu wageni wa mjini kwetu Kamembe hawatamkuta kwenye nguo ya kulimia. Tatu, hatapanda ingobyi hata wamwombe kwa magoti. Atasema anajisikia afadhali, na wataondoka. Nami nimeweka sharti moja tu: asiongee. Agune.

Alifanya mazoezi ya kuguna. Bizimana alikuja mbio kutoka shambani akidhani ng'ombe amekwama.

Naamini mpango ni mzuri. Nina mashaka na neno "mzuri", na kidogo na neno "mpango".

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika kwa mfuatano.

Umuganda: tulizibua mfereji. Micheline alikuja na buti mpya na akaimba. Kwenye mkutano baada ya kazi, Munyemana akautangaza ujumbe. Makofi. Tukapanda gari la Mzee Latifu: yeye na Munyemana mbele, nyuma mimi, Micheline, Ikirezi na mkoba wake, dereva wangu wa moto, na ile ingobyi ikitubana magoti kama jeneza.

Mama mdogo alikuwa kitandani. Kitenge kipya, cha rangi ya chungwa. Wanja machoni. Sijawahi kumwona mgonjwa aliyependeza vile. Lakini aliguna vizuri. Ikirezi akatokwa na machozi. Munyemana akamuuliza maumivu yako wapi, naye akazungusha mkono juu ya mwili wote kwa ujumla. Mzee Latifu alisimama mlangoni, akanitazama kwa jicho laini, na nilikiona chumba cha juu. Niliona hata mahali nitakapotundika ramani.

Micheline akainua mikono na kuanza kuomba. Huomba kwa sauti, akipanda ngazi kwa ngazi.

Wakati huohuo, nje ya dirisha, akafika Buhendwa. Huyu ni mchuuzi anayepita Jumamosi kukusanya ndizi. Kwa kawaida mama mdogo humpokea mwenyewe, na kwa kawaida Buhendwa huondoka akiwa ameloa jasho. Leo akamkuta Bizimana.

Tulisikia yote. Buhendwa akataja bei ya dharau. Kitandani, mguno. Bizimana akasema, "Sawa, ndugu yangu." Kitandani, mguno wa namna nyingine. Micheline akapandisha sauti. Buhendwa akasema kwa vile mwenye nyumba ni mgonjwa, basi achukue na ile mikungu ya kule nyuma, amalizie mzigo. "Ile ya nyuma pia?" Bizimana akauliza. "Haya, chukua tu."

Blanketi likaanza kutikisika. Ikirezi akadhani ni homa, akanishika bega. Nilimtazama mama mdogo kwa macho ya kumsihi. Yeye alikuwa akitazama dirisha.

"Inuka!" akapaza sauti Micheline, mikono juu.

Akainuka! Aliruka ingobyi bila kuigusa, akampita Mzee Latifu mlangoni, na tukamsikia uani: "Buhendwa! Mwizi wewe! Unakuja kuiba kwa muntu anakufa? Weka ile chini! Na ile! Bizimana, wewe ingia ndani, nitakukuta!"

Ndani ya chumba wote wakageukia mlango.

"Amesimama," Ikirezi akasema. Akafungua mkoba. Alikuwa amekuja na kengele! Akaigonga. Na makofi yakaanza, kwa mdundo, Munyemana akiongoza.

Nilimtazama Micheline. Alikuwa akivitazama viganja vyake. Usoni mwake nikaona hofu, kisha mashaka, kisha, ole wangu, unyenyekevu.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na ukweli mzima ulimini: hakuwa mgonjwa, hakuna kilichoponywa hapa! Lakini kila sentensi niliyoipanga ilianza na mimi kuwa mwongo. Nikaufunga. Mama mdogo akarudi, Buhendwa akiwa ameshalipa bei ya kawaida na zaidi, akakuta chumba kizima kinamshangilia. Akanitazama mimi. Akamtazama Micheline. Yeye pia alikuwa na hesabu zake: ama awe amepona, ama awe mwongo mwenye wanja.

"Nimepona," akasema.

Munyemana akageuka na kuniomba, kwa niaba ya familia, nimshukuru mwombaji. Nilifanya hivyo. Nilitoa hotuba. Kwa Kiswahili sanifu, chenye utangulizi na hitimisho, nilimshukuru Micheline kwa kumponya mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Ilikuwa hotuba yangu bora kabisa. Nilitamani kung'ata meza.

Mama mdogo akasema ile ndoo yake wapewe wenye shida kweli. Kengele tena.

Jumapili, 29 Juni

Mzee Latifu alituita sote wawili alasiri. Alimimina chai, akazungusha kikombe, akaanza kwa mbali, kwenye ujana wake. Nilijua. Mtu anayekuja kukupa kitu haanzii kwenye ujana wake.

Alisema: "Mimi ni muislamu, mambo ya miujiza ya kanisa siyajui, siyaingilii. Lakini nimefungua duka leo, batu banauliza ile mwalimu wa kuombea anafundishia wapi. Hawaulizi anafundisha nini. Muntu ambaye batu banamufuata, chumba ni yake."

Kisha akanigeukia mimi, kwa upendo, na hilo ndilo baya zaidi. Akasema roho yangu ameiona. Bila mimi wasingefika Gashonga, bila Gashonga wasingeyaona yale. Nimekuwa sababu. Tena amepatana na mama mdogo amletee ndizi dukani kila wiki. Mwanamke anayejua bei namna ile hajakutana naye tangu afiwe na mama yake.

Kwa hiyo hesabu ni hii. Micheline ana chumba. Mama mdogo ana soko. Mzee ana ndizi. Mimi nina sifa ya kuwa sababu.

Micheline alinifuata hadi nje. Akasema chumba kiko wazi asubuhi, nakaribishwa kukitumia bila malipo, wanafunzi wangu wakiweza. Wauguzi wa zamu ya usiku wangeweza. Ni wazo zuri, la haki, na limetolewa kwa moyo safi. Nilimjibu kwamba linahitaji tafakuri.

Nimelitafakari. Nitakataa. Nadhani ni kwa sababu ya kanuni.

Jumatano, 2 Julai

Nimeyapima yote kwa utulivu, kwa kuwa hasira si mwalimu mzuri. Kosa liko wapi? Si katika kukataa kuchangia, jambo ambalo bado naliona lina hoja. Si katika simu, iliyofanya kazi yake. Nimehitimisha kwamba kosa lilikuwa la uteuzi: nilimchagua ndugu mwenye afya njema, anayejulikana, anayefikika kwa gari, na mwenye mali ya kulinda. Udhaifu ulikuwa katika mama mdogo. Naweza kuwa nimekosea, lakini nimelipitia suala zima mara mbili na kila mara linaishia palepale.

Jioni nikaenda dukani kununua chumvi. Mwezi umeisha, muda wa mituweli umepita, nikatarajia kaunta tupu. Kengele ipo! Sasa ni madawati ya shule. Juu darini palisikika darasa zima likirudia Kiingereza kwa pamoja, viti vikikwaruza. Kiti changu kingekuwa palepale juu ya rafu ya mafuta.

Ikirezi akatabasamu. Nyuma yangu foleni ndefu. "Mwalimu, unachangia batoto madawati?"

Niliweka chumvi kaunta. Nilivuta pumzi. Nilikusudia kusema ndiyo; natamani kuamini hivyo. Kisha nikausikia mdomo wangu ukisema, kwa huzuni kubwa na ufasaha, kwamba mwezi huu nimeelemewa, kwani mjomba wangu wa Nkanka mtumbwi wake umezama na nyavu zote.

Kimya kikatanda. Kizuri, chenye heshima.

Kisha mtu wa pili kwenye foleni, mwenye ndoo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akauliza ni upande gani wa Nkanka, maana yeye pia ni wa kule.